Mkata Maji na Watani Wake

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya Mtwara. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha, maana hazikumsaidia ndege yeyote. Nitaandika juu ya fungu moja la mchanga kwenye mdomo wa mto Ruvuma, ndege waliokuwa wakitaga pale, na watu wawili walionionyesha namna ya kuwalinda. Nawaambia mapema kwamba hatukushinda. Ila anayeanza kazi hii anafaidika zaidi akielezwa wenzake walikwama wapi, kwa hiyo someni taratibu na msikate tamaa njiani.

Nilifika Mtwara mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa afisa wanyamapori. Mimi ni Mkerewe, nimezaliwa kisiwani katika Ziwa Victoria, na nilijiona mjuzi wa maji. Siku ya kwanza nilipewa boti ndogo ya mashine pamoja na dereva wake, Issa Namkuna, Mmakua wa Masasi aliyekuwa amejenga Mtawanya, pembeni mwa mji. Tulifika mdomoni mwa mto asubuhi. Nilishuka kwenye fungu na darubini yangu, nikamwambia Issa atie nanga pale pale anisubiri. Nikaangalia ndege mpaka nikasahau nafsi yangu. Niliporudi, boti ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, na maji yako mbali kabisa.

“Issa, maji yamekwenda wapi?”

“Yamekwenda kwao, Mama. Ya kwenu hayaendi?”

“Ziwani maji hayaendi popote.”

“Basi ya huko mavivu.” Alikuwa amejinyoosha kwenye kivuli cha boti, kofia usoni. “Yatarudi mchana. Uliniambia nitie nanga, nimetia.”

Kwa hiyo somo la kwanza, na msione haya kulianza chini kabisa kama mimi: jifunzeni maji kabla ya ndege. Jueni yanapojaa na yanapokupwa. Jueni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na jueni maji mafu ya katikati, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Ndege wa mdomo wa mto wanaishi kwa ratiba hiyo, hawana nyingine.

Tulipokuwa tukisubiri ndipo nilipomwona mkata maji kwa karibu. Ni ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva. Sehemu ya chini ya mdomo imeizidi ile ya juu kwa urefu, na hiyo ndiyo kazi yake. Huruka chini kabisa, akiuburuza mdomo wa chini ndani ya maji kama mtu anayekata kitambaa kwa mkasi, na samaki mdogo akiugusa tu, unafumba. Wavuvi ndio waliompa jina hilo. Issa alimwita bata. Ndege wote wa pwani, tangu korongo hadi kitwitwi, Issa aliwaita bata, na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikufaulu kumbadilisha.

Mkata maji hajengi. Huparua mchanga mtupu, akatandaza tumbo lake, akataga mayai yenye rangi ya mchanga wenyewe. Anachagua fungu lisilo na jani ili amwone adui kwa mbali. Hutaga miezi ya kiangazi, mto ukishuka na mafungu yakichomoza. Sasa fikirini jua la Mtwara la mwezi wa tisa juu ya mchanga mtupu. Ndege huyo huenda akalowesha manyoya ya tumbo, akarudi kuyapoza mayai. Mkimtimua na kusimama pale mkipiga soga, hata kama hamkugusa kitu, yai linaiva mbele ya macho yenu. Nimewaeleza hivi wageni wengi, na wengi wao walinisikiliza kwa makini wakiwa wamesimama katikati ya viota.

Siku zile Fungu la Kati, kama tulivyoliita, lilikuwa na wakata maji wengi kiasi kwamba wakiinuka pamoja kivuli chao kilipita juu ya boti. Kwa upande wetu wote wa mdomo wa mto hapakuwa na pengine walipotaga. Fungu lile likikosa makinda miaka kadhaa mfululizo, ndege wazima wangezeeka bila warithi, na habari yao ingekwisha kimya kimya. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Shida ni kwamba miezi ile ile watu nao walikuja. Wakulima wa Mahurunga na vijiji jirani, mikorosho ikiwa katika maua na mihogo imekwisha kupaliwa, waliteremka mdomoni mwa mto kufanya dago, yaani kambi ya msimu ya kuvua na kukausha samaki. Wanaume walivua, wanawake walikausha. Maji yakikupwa, wanawake walivuka kwa miguu hadi kwenye fungu na vikapu, wakaokota mayai. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja Mmakonde aliyeitwa Binti Mkanda, kama ilivyo kawaida ya huko mtu mzima kuitwa kwa jina la baba yake. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kufika ng'ambo bila msaada wowote.

Mwanzoni ofisi yetu ilitumia sheria. Askari wawili walikuja, wakakamata wanawake wachache na vikapu vyao, wakawapeleka mjini. Kesho yake tulikuta viota vyote vya upande wa mashariki vimekanyagwa. Hakuna yai lililochukuliwa. Yalipondwa tu, yakaachwa. Nilikaa mchangani katikati ya maganda. Issa, ambaye hadi siku hiyo aliona kazi yangu kuwa ya kuchekesha, aliokota ganda moja akaligeuza geuza.

“Hii ni hasira, Mama. Si njaa,” alisema. “Njaa ingekula.”

Siku chache baadaye maji yalikupwa, na wanawake walirudi, safari hii wakitutazama usoni kabisa. Walipokuwa wanatoka na vikapu vyao, Issa aliwafuata. Nilidhani anakwenda kugombana, nikamwita arudi. Hakugeuka. Alimfikia Binti Mkanda, akamtua kikapu kichwani kana kwamba ni chake.

“Mmakonde, asante kwa kunibebea mzigo wangu.”

“We Mmakua! Mwizi mchana kweupe!” Binti Mkanda alishika kiuno. “Mla panya mkubwa! Kwenu Masasi panya wamekwisha ndiyo maana unakuja kula jasho la watu?”

“Panya tumewaachia nyinyi. Bibi yako aliniposa nikamkataa, leo mjukuu ananinyima mayai?”

“Bibi yangu akupose wewe, na hilo tumbo?”

“Alisema tumbo litapungua.”

Wanawake walikuwa wameshika mbavu kwa kicheko. Issa alikwenda kwa mmoja baada ya mwingine, akichukua vikapu, akitukanwa na kutukana, kisha akarudi mchangani na kuyapanga mayai kwenye viota vilivyo wazi. Binti Mkanda alimsindikiza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika karatasi hizi. Lakini hakumzuia.

Kwa ninyi mliotoka mikoa ya mbali kama mimi, naeleza. Wamakua na Wamakonde ni watani. Mtani anaweza kukutania mpaka ndani ya mifupa, akachukua kitu chako mbele ya watu, na wewe huruhusiwi kununa wala kushtaki. Ukinuna, unaaibika wewe. Kile ambacho askari alikichukua kwa sheria kikaleta hasira, Issa alikichukua kwa utani kikaleta kicheko, na kesho yake hapakuwa na yai lililopondwa. Mimi sikuwa mtani wa mtu yeyote kule kusini. Ningefanya vile, ningekuwa mnyang'anyi.

Basi huo ukawa utaratibu wetu wa kazi kila kiangazi, ingawa sikuthubutu kuuandika kwenye taarifa yoyote. Niliandika “elimu kwa jamii.” Wanawake waliendelea kuja, Issa aliendelea kuwapora, na mwaka hadi mwaka walikuja wachache zaidi, na waliokuja walikuja nusu kwa ajili ya mayai na nusu kwa ajili ya matusi. Msidhani Issa alikuwa malaika. Alichelewa, alisahau mafuta ya mashine, na mara mbili tulirudi kwa kupiga makasia kwa sababu yake. Lakini makinda yalitoka. Nitafurahi sana kama mmoja wenu atawahi kuona mamia ya makinda ya mkata maji yakikimbia mchangani kwa pamoja, kama mchanga wenyewe umeota miguu.

Tulipokuwa tunashughulika na vikapu, hatari nyingine ilikuwa inakuja kwa mwendo wa polepole, na huo ndio mwendo mbaya kuliko yote. Juu kidogo ya mdomo, watu walikata mikoko. Wengine walitaka boriti, wengine kuni za kuchemshia chumvi, wengine nafasi ya kulima mpunga. Sikuweza kumlaumu mtu mmoja. Mizizi ya mikoko hushika udongo wa ukingo, hutuliza maji, huwapa samaki wadogo pa kukulia. Ukingo ukiwa uchi, tope linamomonyoka, njia ya maji inatangatanga, na fungu la mchanga mbele yake linatafunwa upande. Tulipanda miche. Mingine ilishika, mingi ikachukuliwa na maji.

Kisha zikaja mvua za Elinino. Mto uliteremka na miti mizima, na ulipotulia tukakuta njia yake kuu imehama. Fungu la Kati lilibaki, lakini lilikuwa jembamba na la chini. Nilichomeka mti wenye alama mchangani ili nipime bamvua inafika wapi. Kila mwaka maji yaliacha mstari wao juu zaidi. Si kwa urefu wa kumtisha mtu. Ila kiota cha mkata maji kina kina cha kiganja, hakihitaji maji mengi.

“Mchanga unashuka au bahari inapanda?” Issa aliniuliza siku moja.

Nilimjibu kwamba nadhani ni vyote viwili. Dunia inapata joto, bahari inavimba, na huku sisi tumeondoa kilichokuwa kinaushika mchanga. Akasema, “Basi hawa bata wana bahati mbaya.”

Issa alifariki miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga. Aliugua muda mfupi. Msibani Mtawanya, jeneza lilipokuwa linatoka nyumbani, mtu alikaa mlangoni akaziba njia. Alikuwa Binti Mkanda, ametoka Mahurunga na kundi zima la wanawake wa dago. Alivaa kofia ya Issa, ile ya boti. Tumboni alifunga mto ili aonekane mnene. Alinyoosha mkono.

“Kikapu hicho, weka chini!” alifoka kwa sauti ya Issa hasa. “Mayai hayo ya baba yako? Weka chini!”

Waombolezaji waliangua kicheko, na machozi yakawatoka pamoja na kicheko hicho. Dada yake Issa, Zainabu, muuza samaki wakavu wa soko la Chikongola, alimrushia kanga. “Mmakonde, mwache kaka yangu apite!”

“Hapiti. Miaka yote kaniibia. Leo nachukua changu.”

“Unataka nini? Boti ya serikali hiyo.”

“Sitaki boti. Nataka fungu lake. Na bata wake wote.”

“Chukua,” Zainabu alisema. “Chukua, utuondolee mkosi.”

Binti Mkanda akainuka, jeneza likapita. Nililichukulia kama utani wa msibani, ambako mtani huruhusiwa kumwigiza marehemu na kudai chochote. Sikuwa nimeelewa.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda kwenye fungu na dereva mpya, nikiwa na hofu, maana hatukuwa tena na mtu wa kupora vikapu. Nilimkuta Binti Mkanda ameketi kwenye dago, mahali wanawake wanapovukia.

“Mama Ndege,” alinisalimia, kwa jina walilonipa huko, “leo hakuna aliyevuka.”

“Umewazuiaje?”

“Fungu langu. Nilipewa mbele ya maiti. Nani atabisha?”

Kwenye dago alikuwa mkubwa wao, na neno lake lilishika. Kwa misimu kadhaa hakuna yai lililookotwa Fungu la Kati, hata moja. Wenzangu, hapo ndipo ningependa hadithi hii iishie.

Msimu mmoja ndege walitaga wakiwa wamebanana kwenye mgongo mwembamba wa mchanga uliobaki. Bamvua kubwa ya mwezi wa tisa ilikuwa inakaribia, na alama kwenye mti wangu zilinieleza kitakachotokea. Nilimweleza Binti Mkanda. Hakuuliza maswali mengi. Aliita wanawake, wakavuka na vikapu vile vile, wakavijaza mchanga kutoka ukingoni na kuuleta juu. Niliwaonyesha namna ya kuinua kiota: unaweka mayai kando, unamwaga mchanga, unaushindilia, unaparua kishimo, unarudisha mayai, kisha unaondoka haraka ili ndege arudi kabla ya jua kuyapika. Tulifanya kazi vipande vipande, tukipumzika mbali ili watulie. Wengine walirudi wakayaatamia mayai. Wengine walisimama kando, wakiliangalia lile tuta jipya kana kwamba si lao.

Maji yalianza kupanda baada ya adhuhuri. Saa kumi yalikuwa yamefika chini ya matuta, na upepo wa kusi ukayasukuma zaidi. Hayakuja kwa kishindo. Yalinyanyuka tu, kama maji ya sufuriani, yakaingia kwenye kishimo cha kwanza, yakalizungusha yai, yakaondoka nalo. Kisha la pili. Ndege hawakukimbia. Walikaa juu ya mayai mpaka maji yakawanyanyua wao wenyewe, ndipo wakaruka, wakizunguka na kulia kwa ile sauti yao ya mbwa mdogo.

Tulikuwa tumesimama ndani ya maji hadi magotini. Binti Mkanda alipiga maji kwa kikapu chake.

“Weka chini!” alipiga kelele. “Weka chini, nasema!”

Mmoja wa wanawake alicheka, kwa mazoea. Wengine hawakucheka. Binti Mkanda alisimama pale muda mrefu, kikapu kikivuja.

“Huyu hana mtani,” alisema mwishowe, akiionyesha bahari kwa kidevu, na tukarudi ufukoni.

Mwaka uliofuata Fungu la Kati halikuchomoza kabisa. Nilizunguka na boti juu ya mahali lilipokuwa, darubini mkononi, nisione kitu cha kuangalia. Kisha mvuvi mmoja akatuambia kwamba wakata maji wachache wametua kwenye fungu jipya ng'ambo ya njia kuu ya mto. Hiyo njia kuu ndiyo mpaka. Ng'ambo ni Msumbiji, na mimi mtumishi wa serikali ya upande huu sikuwa na ruhusa ya kuvuka na kupiga marufuku chochote. Niliandika maombi, yakapokelewa vizuri, yakalala.

Binti Mkanda hakuhitaji maombi. Huko ana ndugu, kama walivyo nao Wamakonde wengi wa mtoni. Alivuka kwa mtumbwi, akarudi siku ya pili amenuna.

“Nimewakuta wanachemsha mayai. Wakanikaribisha.”

“Ukawaambia?”

“Niliwaambia. Wakasema, shangazi, kula kwanza.” Alitikisa kichwa. “Mama Ndege, wale ni ndugu zangu. Ningekuwa mtani wao ningewanyang'anya sufuria. Ndugu humnyang'anyi. Na kule mimi si mkubwa wa mtu, mimi mgeni.”

Akaufunga mtumbwi wake. Kisha akauliza kama Zainabu bado anauza samaki Chikongola.

Zainabu alikuwa mzito kuliko kaka yake na mwenye maneno zaidi. Alitusikiliza huku akipanga samaki, akatuambia yeye ndege hawajui, mto anauogopa, na miguu inamuuma. Kisha akafunga meza. “Wamakonde wa ng'ambo hawajatukanwa siku nyingi,” alisema. “Wataharibika.”

Niliwasindikiza hadi ukingoni mwa mto. Ilikuwa miezi ya mwisho ya kazi yangu. Walivuka wawili wale kwa mtumbwi, Binti Mkanda akipiga kasia, Zainabu ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili. Mimi nilibaki upande wetu na darubini. Niliona watu mchangani, vikapu, na ndege wakizunguka juu yao bila kutua, na jua lilikuwa kali. Niliona mtumbwi ukifika. Halafu, juu ya maji, sauti ya Zainabu ikanifikia nzima nzima, jina la bibi ya mtu likitajwa pamoja na mambo yasiyosemeka. Watu mchangani waligeuka. Kisha nikasikia kicheko, cha watu wengi.

Vikapu viliwekwa chini. Watu waliinama, wakarudisha mayai, wakainuka, wakaondoka kuelekea majini wakifuatana na Zainabu aliyekuwa bado anasema. Fungu likabaki tupu. Mkata maji mmoja akashuka, akatumbukiza tumbo majini, akaenda kukaa kwenye mchanga. Mwingine akamfuata.

Niliwahesabu waliotua. Kwa tabia yangu, na naomba iwe yenu pia, huhesabu ndege mara tatu, kwa sababu wakiwa wengi jicho hudanganya. Siku ile nilihesabu mara moja, ikatosha, nikashusha darubini.